Jiko la Pili Huwa Bora: Kutunza Maarifa ili Kubuni Bidhaa Mpya

Kamati nyingi za maendeleo za parokia zina mradi wa kutengeneza kitu cha kuuza: majiko banifu, sabuni, mizinga ya nyuki, unga wa lishe au matofali ya kufyatua. Mara nyingi mradi huanza vizuri. Fundi huitwa, mafunzo hutolewa, na bidhaa za kwanza huuzwa nje ya kanisa baada ya ibada. Kisha malalamiko huanza kidogo kidogo. Jiko limepasuka. Sabuni inayeyuka upesi. Mzinga haukuingia nyuki. Wanunuzi hupungua, na baada ya mwaka mmoja au miwili mradi hulala.

Anapokuja katibu mpya au mfadhili mpya, hakuna anayeweza kueleza kwa uhakika ni nini kilichoharibika. Fundi wa kwanza amehama. Mama aliyelalamika hakuandikwa popote. Taarifa iliyopo inataja idadi ya waliofundishwa na fedha zilizotumika, basi. Mradi huanzishwa upya, na makosa yale yale hurudiwa kwa fedha mpya.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa nayo ni mali. Somo hili linahusu namna ya kuitunza na kuitumia mali hiyo ili tubuni bidhaa zilizo bora zaidi. Wataalamu huita kazi hii usimamizi wa maarifa. Jina ni kubwa, lakini kazi yenyewe iko ndani ya uwezo wa kamati yoyote yenye daftari, kalamu na utayari wa kusikiliza.

Hoja yetu ni moja. Bidhaa ya kwanza karibu kila mara huwa na kasoro, na hilo si aibu. Bidhaa ya pili huwa bora pale tu ambapo yule anayezijua kasoro hizo anasikika kwa yule anayeitengeneza. Kusimamia maarifa ni kuilinda njia hiyo isizibe.

Maarifa ni nini?

Tutofautishe kwanza habari na maarifa. "Majiko 12 kati ya 40 yamepasuka" ni habari. Kujua kwamba yalipasuka kwa sababu udongo ulichomwa kabla haujakauka vizuri, na kujua la kufanya safari ijayo, ndiyo maarifa. Habari hutuambia kilichotokea. Maarifa hutuwezesha kutenda tofauti.

Maarifa yako ya aina mbili, na zote mbili zinahitajika.

Aina ya kwanza ni maarifa yanayoandikika: vipimo, michoro, orodha ya vifaa, bei, kanuni ya kuchanganya. Haya huweza kusafiri kwa karatasi kutoka parokia moja hadi nyingine.

Aina ya pili ni maarifa yaliyo mikononi na machoni mwa mtu. Mfinyanzi hujua kwa kugusa tu kwamba udongo umekandwa vya kutosha. Mama hujua kwa kusikia maji yanavyochemka kwamba moto umepungua. Ukimwuliza amejuaje, huenda akakujibu, "Nimezoea tu." Maarifa haya hayapo kwenye ripoti yoyote, na mwenye nayo akihama au akifariki, huondoka nayo.

Miradi mingi hutunza aina ya kwanza na kuisahau ya pili. Lakini bidhaa mpya huzaliwa hasa pale aina hizi mbili zinapokutana.

Mfano kutoka Japani: mashine iliyojifunza kukanda

Mfano mmoja unaotajwa sana na walimu wa somo hili ulielezwa na wataalamu wawili wa Japani, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, katika kitabu chao cha mwaka 1995 kuhusu kampuni zinazozalisha maarifa.

Mwaka 1985 kampuni ya Matsushita ya mjini Osaka ilikuwa ikibuni mashine ndogo ya kuoka mkate nyumbani. Wahandisi walikuwa na vipimo vyote, lakini mkate haukuiva sawasawa: nje umeungua, ndani mbichi. Walichunguza sana. Walilinganisha hata picha za eksirei za donge lililokandwa na mashine na lile lililokandwa na mwokaji hodari. Bado hawakupata jibu.

Ndipo mmoja wao, Ikuko Tanaka, alipotoa wazo la kwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya Osaka aliyesifika kwa mkate mzuri. Alikaa naye na kufanya kazi naye, kama mwanagenzi kwa fundi wake. Siku moja aligundua kwamba mwokaji, akikanda, hulivuta donge huku akilisokota kwa namna ya pekee. Mwokaji hakuwa akificha siri hiyo. Ilikuwa mikononi mwake, na hakuwahi kuhitaji kuitamka.

Tanaka alirudi na maelezo hayo kwa wahandisi wenzake, nao wakarekebisha mashine kwa kuweka mbavu maalumu ndani ya chombo cha kukandia. Baada ya majaribio mengi mkate uliiva, na mashine ilipotolewa iliuzwa kwa wingi sana katika mwaka wake wa kwanza.

Tuone hatua zilizopitiwa. Mtu alikaa na fundi na kujifunza kwa macho na mikono. Alichojifunza alikitafutia maneno. Maneno hayo yalichanganywa na ujuzi wa wahandisi. Mwisho yakawa sehemu ya mashine. Hatua moja ikikosekana, mnyororo hukatika.

Mfano wa karibu nasi: jiko la mkaa lenye kauri

Parokia zetu hazitengenezi mashine za umeme, lakini Afrika Mashariki ina mfano wake, nao umo katika jikoni nyingi. Ni jiko la mkaa lenye bakuli la udongo uliochomwa, yaani kauri, ndani ya ganda la bati, lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kabla yake, jiko la mkaa la mijini lilikuwa la bati tupu. Lilikuwa rahisi kutengeneza na bei yake ilikuwa nafuu, lakini lilikula mkaa. Vipimo vya watafiti vilionyesha kwamba kati ya asilimia 10 na 20 tu ya joto la mkaa ndiyo iliyofika kwenye sufuria. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilipotelea kwenye kuta za bati. Kwa familia ya kipato kidogo, huo ulikuwa ni uchumi wa nyumba nzima unaopotelea hewani, debe baada ya debe. Wakati huohuo bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda na misitu ilikuwa ikipungua. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano jijini Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati na nishati jadidifu, na suala la kuni na mkaa likapata uzito mpya.

Wazo la kwanza lilitoka mbali. Nchini Thailand watu walipikia jiko la ndoo, yaani ndoo ya bati yenye bakuli zito la udongo ndani yake. Udongo huzuia joto lisitoke ovyo. Wazo hilo lilichukuliwa na kuunganishwa na jiko la bati lililozoeleka Kenya. Waliohusika walikuwa wengi: Wizara ya Nishati, shirika la misaada la Marekani la USAID, mtandao wa mashirika yasiyo ya kiserikali uitwao KENGO, watafiti, vikundi vya wanawake, na mafundi wa jua kali, hasa wa Shauri Moyo jijini Nairobi.

Majiko ya mwanzo yalikuwa na matatizo. Bakuli la udongo lilijaza sehemu yote ya ndani, nalo lilipasuka. Bati likipata moto hutanuka kuliko udongo, kwa hiyo vitu hivi viwili vilivyobanwa pamoja vilivutana mpaka udongo ukashindwa. Jiko lililopimwa vizuri katika maabara lilikuwa likiharibika jikoni.

Hapa ndipo mradi wa namna hii huokoka au hufa. Ingewezekana kabisa kusema kwamba wanawake hawajui kulitumia, kisha kuandaa semina ya kuwafundisha. Badala yake watumiaji na mafundi waliulizwa, na majibu yao yakabadilisha muundo wenyewe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyepika kwa jiko lile kila siku alijua mambo ambayo mizani ya maabara haikuyaonyesha, na fundi aliyelikata bati alijua lipi linawezekana kwa nyundo na mkasi wake.

Muundo uliotokea ndio tunaoufahamu leo. Jiko lina kiuno chembamba na limepanuka juu na chini. Bakuli la udongo limewekwa sehemu ya juu tu, mkaa unapokaa. Kati ya udongo na bati hupakwa mchanganyiko wa saruji na madini mepesi yanayozuia joto kupita. Kitako kipana hulifanya jiko litulie mpishi anaposonga ugali, kazi inayotaka nguvu. Chini kuna nafasi ya majivu na mlango mdogo wa kuongozea hewa. Kila kipande kina sababu yake, na nyuma ya kila sababu kuna mtu aliyeona jambo na akasikilizwa.

Matokeo yalionekana. Jiko hili lilifikisha kwenye sufuria kati ya asilimia 25 na 40 ya joto. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba zaidi ya majiko 700,000 ya aina hii yalikuwa yakitumika nchini Kenya.

Maarifa yakisafiri bila sababu zake

Jiko hili halikufungiwa kwa hati ya hakimiliki. Fundi yeyote aliweza kujifunza kulitengeneza. Kazi nayo iligawanyika: mafundi bati walitengeneza maganda, wafinyanzi wakatengeneza mabakuli, na wengine wakaunganisha na kuuza. Mafundi walipoongezeka, ushindani uliishusha bei sana kutoka ile ya mwanzo, na jiko likawafikia watu wengi zaidi.

Lakini uwazi huo ulileta tatizo lake. Baadhi ya walioiga walichukua umbo la jiko wakaacha sababu zake. Kwa macho, jiko bovu na jiko zuri hufanana: yote mawili yana kiuno, yote mawili yana udongo ndani. Tofauti iko katika udongo uliochaguliwa na kuchanganywa vizuri, ukakaushwa taratibu na kuchomwa ipasavyo katika tanuru. Mambo hayo hayaonekani sokoni. Mnunuzi aliyeuziwa jiko bovu aliliona limepasuka baada ya muda mfupi, na huenda akaamua kwamba majiko yote ya kauri hayafai.

Somo la hapa ni muhimu kwa kila kamati inayokwenda kutembelea mradi wa jirani na kurudi na picha. Usirudi na umbo tu. Rudi na sababu. Uliza: Kwa nini hapa mmeweka hivi? Mlianza namna gani? Mliacha nini, na kwa sababu gani? Mara nyingi jibu la swali la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote.

Nchini Rwanda jambo hili lilizingatiwa. Jiko la aina hii lilipofikiriwa kwa ajili ya Kigali, halikuchukuliwa jinsi lilivyo. Miundo kadhaa ilijaribiwa majumbani, watumiaji na mafundi wakatoa maoni, na mabadiliko yakafanywa kulingana na mapishi na mapendeleo ya pale. Jiko lililotokea liliitwa Rondereza, neno la Kinyarwanda lenye maana ya kutumia kwa uangalifu. Maarifa yalivuka mpaka, lakini yalipofika yalipewa nafasi ya kubadilika.

Njia sita ambazo kamati inaweza kuzitumia

1. Daftari la bidhaa. Kila bidhaa iwe na daftari lake, tofauti na daftari la fedha. Liwe na safu nne: tarehe, tulichobadilisha, kwa nini tulibadilisha, na kilichotokea. Kwa mfano, mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: "Tumeongeza mchanga kidogo katika udongo. Sababu: mabakuli matano yalipata nyufa wakati wa kukauka. Matokeo: safari hii limepasuka moja." Maneno hayo machache yanatosha kumwokoa fundi atakayekuja baada ya miaka mitano.

2. Sampuli na vilivyoharibika. Weka bidhaa moja ya kila toleo, na ikiwezekana weka pia iliyovunjika. Jiko lililopasuka, likiwekwa kwenye rafu na karatasi inayoeleza lilivyotumika, hufundisha kuliko kurasa kumi za ripoti. Watu wengi hutupa vilivyoharibika kwa kuona aibu, na hivyo hutupa mwalimu wao.

3. Kurudi kwa mnunuzi. Mwezi mmoja baada ya kuuza, na tena baada ya miezi sita, wajumbe wawili wamtembelee mnunuzi nyumbani. Wasiulize, "Je, jiko ni zuri?" kwa kuwa kwa adabu atajibu ndiyo. Waombe kuliona likitumika. Wauulize mkaa wa shilingi ngapi unatosha siku ngapi sasa, na zamani ulitosha siku ngapi. Waangalie pia kama jiko limewekwa kando na mama amerudia lile la zamani. Jiko lililoachwa kando nalo lina habari yake.

4. Maswali manne baada ya kazi. Njia hii ilianzia katika jeshi la Marekani miaka ya 1970, na sasa hutumiwa na mashirika mengi ya misaada. Kila hatua ya kazi ikimalizika, wote walioshiriki hukaa pamoja kwa muda mfupi na kujibu: Tulikusudia kitokee nini? Kilitokea nini hasa? Kwa nini kuna tofauti? Safari ijayo tufanye nini? Hakuna kutafuta wa kulaumiwa. Mwenyekiti aseme mwisho, si mwanzo, maana mkubwa akishatoa hukumu wadogo hunyamaza.

5. Kuuliza kabla ya kuanza. Kabla ya kuandika ombi la fedha, kamati itafute parokia au kikundi kilichowahi kufanya kazi hiyo, iwe kilifaulu au kilishindwa. Kiitwe kwa siku moja, kipewe chakula na nauli, na kiombwe kuutazama mpango. Gharama ya siku hiyo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya tanuru lililojengwa mahali pasipofaa.

6. Mwanagenzi kwa kila fundi. Kwa kuwa maarifa ya mikono hayaandikiki yote, yahifadhiwe ndani ya mtu mwingine. Kila fundi wa mradi awe na vijana wawili wanaofanya kazi pamoja naye kwa muda wa kutosha, si kwa semina ya siku tatu. Mmoja akihama, mwingine yupo. Viongozi wa kamati nao wafanye hivyo: katibu anayemaliza muda wake akae na mpya kwa vikao kadhaa, si kumkabidhi funguo tu.

Neno kwa wafadhili

Wafadhili wetu hutaka kuona matunda ya fedha zao, na ni haki yao. Hata hivyo, namna tunavyoandika maombi na ripoti mara nyingine huizuia bidhaa isiboreke. Mradi ukiahidi majiko 500 kwa mwaka mmoja, kamati italazimika kutengeneza majiko 500, hata kama kufikia la 50 imekwisha kujua kwamba muundo una kasoro. Kasoro iliyojulikana mapema huzidishwa mara kumi ili hesabu itimie.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, bajeti iwe na fungu la toleo la pili: fedha za kujaribu machache, kuwarudia watumiaji, na kurekebisha kabla ya kutengeneza mengi. Pili, ripoti iwe na ukurasa wa "tulichojifunza na tulichobadilisha", na ukurasa huo usomwe kwa shukrani, si kwa mashaka. Kamati ikiadhibiwa kwa kusema ukweli kuhusu kasoro, safari ijayo itaificha. Tatu, misaada ielekezwe zaidi kwenye kujifunza kuliko kwenye kupunguza bei. Katika mfano wa jiko la kauri la Kenya, fedha za nje zilisaidia utafiti, mafunzo na maonyesho, lakini majiko yenyewe yaliuzwa sokoni kwa bei ya soko. Kwa sababu hiyo mafundi waliendelea kuyatengeneza hata baada ya miradi kwisha.

Mambo ya kujihadhari nayo

Daftari lisigeuke kuwa ghala. Maarifa yaliyoandikwa na kufungiwa kabatini hayana tofauti na yaliyopotea. Kila kabla ya kubadilisha bidhaa, daftari lisomwe kwa sauti mbele ya kikundi.

Sauti za wanyonge zisisahauliwe. Katika vikao vingi wanaozungumza ni wanaume, na wanaolitumia jiko ni wanawake na wasichana. Kamati isipowauliza hao, inakusanya maoni ya watu wasiopika. Mara nyingine inafaa wanawake wakutane peke yao na mwanamke mwenzao awe ndiye anayeandika.

Mwenye maarifa aheshimiwe. Fundi au mzee akitoa ujuzi wake, jina lake liandikwe katika daftari kwa ridhaa yake, na kama bidhaa inaleta faida, kikundi kikubaliane mapema atafaidikaje. Mtu aliyenyang'anywa ujuzi wake mara moja hatautoa tena, na wenzake watajifunza kunyamaza.

Hatari isemwe waziwazi. Jiko la kauri hupunguza mkaa, lakini bado linachoma mkaa, na mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayoitwa kaboni monoksaidi. Jiko la mkaa la aina yoyote halifai kuwashwa ndani ya chumba kilichofungwa, wala kuachwa likiwaka watu wakilala. Onyo la namna hii ni sehemu ya maarifa ya bidhaa, nalo lisafiri pamoja nayo hadi kwa mnunuzi wa mwisho.

Hiyo pia inatukumbusha kwamba hata jiko hili lililofaulu si mwisho wa safari. Leo zipo nishati na majiko mengine yanayojaribiwa katika miji na vijiji vyetu, na mengine yatakuja. Kila moja litafika likiwa na kasoro za mwanzo. Parokia iliyozoea kuandika, kuuliza na kurekebisha itakuwa tayari kulipokea na kuliboresha. Isiyozoea italinunua, litaharibika, na italirudisha stoo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja bidhaa moja ambayo kikundi chetu kiliwahi kuitengeneza kikaacha. Je, kuna anayejua kwa uhakika kwa nini iliachwa? Maelezo hayo yameandikwa wapi?

2. Katika mradi wetu wa sasa, ni nani mwenye maarifa ya mikono? Akiondoka mwezi ujao, nani anaweza kuendeleza kazi yake?

3. Ni lini mara ya mwisho tulipomtembelea mnunuzi na kuona bidhaa yetu ikitumika? Tuliona nini?

4. Malalamiko ya watumiaji hupitia njia gani hadi kumfikia fundi? Yanakwama wapi?

5. Ripoti yetu ya mwisho kwa mfadhili ilitaja kasoro gani? Kama haikutaja hata moja, ni kwa nini?

6. Ni parokia au kikundi gani jirani tunachoweza kukialika kutazama mpango wetu kabla hatujaanza?

Zoezi: Kabla ya kikao kijacho, nunueni daftari moja. Andikeni juu yake jina la bidhaa moja tu. Katika ukurasa wa kwanza andikeni kasoro tatu mnazozijua tayari, na jina la mtu aliyeziona kwanza, kwa ridhaa yake. Kikao kianze kwa kumshukuru mtu huyo, kisha fundi apewe nafasi ya kueleza atakachobadilisha.